Skrini Moja, Walimu Watatu: Nani Amfunze Mtoto wa Munyaka Ujuzi wa Kidijitali?

Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 2 mtaani Munyaka, mashariki mwa jiji la Eldoret, hupokea maagizo yanayogongana. Mtaala unamwambia kwamba ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi saba wa msingi ambao mwanawe anapaswa kuupata. Shule inamkataza mtoto kubeba simu, kisha jioni mwalimu anatuma kazi ya ziada kwenye kundi la WhatsApp. Kliniki inamshauri apunguze skrini. Jirani naye anajisifu kwamba mwanawe wa miaka mitatu hujifungulia YouTube bila msaada, na mzazi anabaki akijiuliza kama wake ameachwa nyuma au amenusurika.

Mkanganyiko huu haukuletwa na uzembe wa wazazi. Umetokana na maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja. Mtoto apewe kifaa gani? Akitumie kwa muda gani? Na nani akae kando yake akimwelekeza? Kwa zaidi ya mwongo mmoja Kenya imetumia pesa na maneno mengi kwa swali la kwanza, ikaligusia la pili, na la tatu likabaki yatima. Misimamo inayoshindana leo, ya shule, ya nyumbani na ya mtaa, ni rahisi kuipima swali hilo la tatu likirudishwa mezani.

Tulikotoka

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia mamlakani ukiwa umeahidi kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma kipakatalishi. Zabuni ya kwanza iliporomoka. Mpango uliporejea, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, na kazi ya kuviunganisha ikapewa miungano miwili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya Ureno ya JP SA Couto, na chuo kikuu cha JKUAT pamoja na Positivo BGH. Kwa hiyo eneo la Eldoret halikuwa mpokeaji tu. Chuo chake kikuu kilikuwa upande wa watengenezaji. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000, pamoja na vipakatalishi vya walimu, projekta na vifaa vya kusambaza masomo ndani ya darasa.

Mpango huo una mambo ya kusifiwa. Ili shule ziwe tayari, nyingi ambazo hazijawahi kuona nguzo ya umeme ziliunganishiwa stima, na faida hiyo imedumu kuliko betri za vishikwambi. Hata hivyo, vifaa vilitangulia watu. Walimu walipewa mafunzo mafupi, shule zikaachiwa gharama ya ulinzi na matengenezo, na mwalimu mkuu anayejua kwamba kishikwambi kikiibwa ni yeye atakayeandika maelezo alichagua njia salama: kukifungia stoo.

Januari 2019 mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini. Katika ngazi hiyo ujuzi wa kidijitali hauna kipindi chake. Umepenyezwa ndani ya masomo mengine. Kinadharia uamuzi huo ni wa busara, kwa sababu mtoto wa miaka saba hahitaji somo la kompyuta lenye mtihani. Kwa vitendo, jukumu lililogawiwa kila mwalimu halina wa kuliulizia.

Kisha korona ikaja. Shule zilifungwa Machi 2020, na ingawa Gredi ya 4 na madarasa ya mitihani walirudi Oktoba mwaka huo, watoto wadogo zaidi walisubiri hadi Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, runinga na mtandao. Sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha ukubwa wa pengo: kati ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 22.6 pekee ndio waliokuwa wakitumia intaneti na asilimia 10.4 wakitumia kompyuta, ilhali asilimia 47.3 walimiliki simu ya mkononi. Kwa familia nyingi za mitaa ya mapato ya chini, darasa la kidijitali lilikuwa simu ya mama, ikirudi naye sokoni jioni.

Ujuzi ni zaidi ya wepesi wa vidole

Kabla ya kupima nani afunze, ni lazima tukubaliane kinachofunzwa. Mtoto anayejua kutelezesha kidole hadi apate katuni ana wepesi, na wepesi huo huja wenyewe. Ujuzi wa kidijitali una sehemu nyingine tatu ambazo hazijileti. Kuna kuelewa: kwamba video inayofuata imechaguliwa na programu ili asiondoke, na kwamba si kila picha ni ya kweli. Kuna kutunga: kuchora, kurekodi sauti, kupanga maagizo kwa mfuatano. Na kuna kujilinda: kujua kwamba nambari ya siri haitajwi, na kwamba mtu mgeni akimwandikia amwite mkubwa.

Sehemu hizi tatu hazihitaji kila mara kifaa. Mwalimu wa Gredi ya 1 anaweza kuwaambia watoto wamwelekeze jinsi ya kupika chai, hatua kwa hatua, naye atii maagizo kama yalivyo. Wakisahau kumwambia awashe moto, majani yataelea katika maji baridi na darasa litacheka. Hapo watoto wamejifunza kiini cha kuandika programu bila skrini. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kwa nini anafanya mchezo huo.

Msimamo wa kwanza: shule ibebe mzigo

Wanaoitetea shule wana hoja ya usawa. Nyumbani mtoto hupata alichojaliwa mzazi. Shuleni, angalau kwa nia, wote hukaa kwenye dawati moja. Shule ina ratiba, ina mtaalamu aliyesomea malezi ya watoto, na ina mtaala. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha masomo ya kuandika programu yaliyotayarishwa na Kodris Africa, hatua iliyoonyesha kwamba taifa halitaki watoto waishie kuwa watazamaji.

Udhaifu wa kwanza wa msimamo huu umo katika mpaka wa kikatiba. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na shule ya msingi ni la serikali ya kitaifa. Mtoto wa Munyaka wa miaka mitano yuko chini ya Kaunti ya Uasin Gishu. Akivuka kuingia Gredi ya 1, hata kama ni mlango wa pili katika kiwanja kilekile, anahamia mikononi mwa Nairobi. Mradi wa vishikwambi ulianzia darasa la kwanza. Miaka miwili ya chekechea, ambapo tabia ya kutumia skrini huota mizizi, ilibaki nje ya hesabu.

Udhaifu wa pili ni idadi. Darasa lenye watoto wengi na vifaa vichache huwafanya wachache washike na wengine watazame mabega ya wenzao. Shule za kibinafsi za ada ya chini, zinazohudumia sehemu kubwa ya mitaa kama hii, hazikuwamo kabisa katika mgao wa umma. Udhaifu wa tatu ni kwamba shule yenyewe ni mwanafunzi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilikuwa na umri wa takriban miaka minne wakati huo. Taasisi isiyojua mipaka ya picha ya mtoto itawezaje kumfunza mtoto mipaka hiyo?

Msimamo wa pili: nyumbani ndipo penyewe

Msimamo huu una matawi mawili yasiyopatana. La kwanza husema mtoto azuiliwe kwanza. Linategemea miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019: aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Linaitaja pia Sweden, ambayo mwaka 2023 ilianza kurejesha vitabu vya karatasi na kupunguza skrini kwa watoto wadogo baada ya miaka mingi ya kuzikumbatia.

Hoja hizi zina uzito, lakini husomwa vibaya. Miongozo ile ilihusu usingizi, kuketi na kucheza. Inasema mtoto anayekodolea skrini huku amekaa anapoteza muda wa kukimbia na kulala. Haisemi kwamba kuzungumza naye kuhusu picha iliyopigwa kwa simu kuna madhara. Sweden nayo inarudi kutoka mahali ambapo Munyaka haijafika. Kupunguza kilichozidi na kunyima kisichokuwapo ni mambo mawili.

Tawi la pili husema mzazi aongoze, asizuie. Nguvu yake ni kwamba nchini Kenya simu si kitu cha kuchezea. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ya mzazi ni mkoba, ni duka na ni benki. Mtoto anayeichezea anachezea kodi ya nyumba. Somo la kwanza la usalama wa kidijitali katika nyumba nyingi halitoki katika kitabu chochote: ni mama kugeuza kiganja anapobonyeza nambari ya siri, na mtoto kuuliza kwa nini. Jibu analopewa lina thamani kuliko mabango kumi ya ukutani.

Udhaifu wake ni muda na ufahamu. Mzazi anayetoka alfajiri kwenda kibaruani au sokoni hurudi simu ikiwa na chaji kidogo, naye ana chakula cha kupika. Simu humtuliza mtoto, na hakuna anayepaswa kumlaumu mzazi kwa kuitumia hivyo. Lakini mtoto aliyetulizwa hajafunzwa. Mipango ya kununua simu kwa malipo madogomadogo, kama Lipa Mdogo Mdogo iliyoanzishwa 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, imeongeza simujanja manyumbani bila kuongeza saa katika siku ya mzazi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu unamfunza akiwa amekaa mapajani mwa mamaye.

Bado ipo njia isiyokula bando. Runinga ya kawaida imekuwa mwalimu mpole: vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza Tanzania mwaka 2014 kwa Kiswahili, na kituo cha watoto cha Akili Kids!, kilichoanza Kenya mwishoni mwa Machi 2020 shule zikiwa ndiyo kwanza zimefungwa. Runinga haimpeleki mtoto kusikojulikana kwa kubonyeza mara moja, na huwezesha familia nzima kutazama pamoja na kuulizana. Upungufu wake ni kwamba inampa mtoto cha kuelewa bila kumpa cha kutunga.

Msimamo wa tatu: mtaa ndio darasa

Kundi la tatu linasema tuache kujidanganya: watoto wanajifunzia mtaani. Saiba ndiyo inayochapisha kazi za mtaala ambazo mzazi hawezi kuzichapisha nyumbani. Kijana wa saiba ndiye anayewajazia watu fomu za eCitizen, na watoto waliotumwa kuchukua karatasi husimama nyuma yake wakitazama. Kuna vibanda vya filamu na vya michezo ya video, ambako mtoto hulipia zamu kwa shilingi chache. Mtaa wenye Wagikuyu, Wakalenjin, Waluhya na wengine pamoja huwapa watoto Kiswahili na Sheng, lugha wanazofundishana ujanja wa simu kwa kasi kuliko darasa lolote.

Nguvu ya mtaa ni ufikiaji. Haudai karo, hauna likizo, na unamkuta mtoto alipo. Watoto hufunzana vizuri: mkubwa akimwonyesha mdogo, wote wawili hujifunza. Vyama vya akiba vya akina mama, makanisa na misikiti hukutana kila wiki bila kuitwa na serikali, nafasi ambayo hakuna semina inayoweza kuinunua.

Udhaifu wake ni kwamba mtaa unauza ufikiaji bila ulezi. Mwenye saiba anauza dakika; hana sababu ya kibiashara ya kumuuliza mtoto anatazama nini. Katika vibanda, michezo na kamari hukaa jirani. Hatari hizi zina ushahidi: ripoti ya 2021 ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Kenya ilieleza kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watumiaji wa intaneti, na ikaonyesha kwamba baadhi yao walikuwa wakishawishiwa kingono mtandaoni, wengi bila kuripoti popote. Umri huo ni mkubwa kuliko wa watoto tunaowazungumzia, na hapo ndipo penye onyo: mtoto wa miaka saba wa leo ataingia katika takwimu hizo baada ya miaka mitano, akiwa na kinga aliyopewa sasa au bila kinga. Sheria ya Watoto ya 2022 imeharamisha unyanyasaji wa mtandaoni, na nambari ya bila malipo 116 ipo. Lakini sheria na nambari hufanya kazi pale tu ambapo mtoto ana mtu mzima wa kumwambia.

Ushahidi unaelekea wapi

Kenya ina jibu la sehemu ambalo mjadala wa umma umelisahau. Katika Kaunti ya Kisumu, watafiti wa mradi wa PRIMR walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika kufundisha kusoma: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea, kuwapa walimu vishikwambi, au kuwapa vishikwambi maafisa wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba usomaji uliimarika katika makundi yote, lakini pesa nyingi zaidi za vifaa vya wanafunzi hazikuleta faida kubwa zaidi kwa kiwango hichohicho. Kwa gharama, njia iliyofaa zaidi ilikuwa kumwezesha afisa. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza 2015, ulifuata mkondo huo: vitabu kwa watoto, vishikwambi kwa maafisa.

Mbali zaidi, Peru iligawa mamia ya maelfu ya vipakatalishi vya watoto. Uchunguzi wa shule 319 za mashambani, uliotolewa 2012, haukupata ushahidi kwamba vipakatalishi viliinua alama za hisabati na lugha.

Ushahidi huu usivutwe kupita uwezo wake. Kisumu ilipima kusoma, haikupima ujuzi wa kidijitali. Na Peru, watoto waliopewa mashine walikuwa hodari wa kuzitumia mashine hizo. Kwa hiyo anayedai kwamba kifaa hakina maana anakosea: bila kifaa hata kimoja, mwalimu bora anafundisha kuogelea ubaoni. Kinachoonyeshwa ni mpangilio. Kifaa huleta wepesi wa vidole. Kuelewa, kutunga na kujilinda huja na mtu mzima aliye kando. Shilingi ikiwa moja, ianze kwa mtu huyo.

Njia hii ina gharama zake. Ni ya polepole. Haina sherehe ya kukata utepe, kwa hiyo haiwavutii wanasiasa. Mwalimu aliyefunzwa anaweza kuhamishwa muhula ujao akaondoka na ujuzi wote, jambo ambalo kishikwambi hakifanyi. Na kumwongezea mzazi jukumu bila kumpunguzia kazi ni kumtwisha mzigo mwingine. Ndiyo maana hakuna eneo moja kati ya haya matatu linaloweza kubeba peke yake.

Hali ilivyo sasa, mtoto hupata ujuzi huu kwa bahati: bahati ya mwalimu mdadisi, ya mzazi mwenye nafasi jioni, ya kijana wa saiba mwenye huruma. Munyaka ni neno la Kigikuyu lenye maana hiyohiyo ya bahati, lakini malezi hayawezi kuendeshwa kama jina la mtaa. Kila kiungo kinaweza kupewa kazi ndogo inayowezekana. Shule ipange vifaa vichache ilivyo navyo kwa zamu za makundi na iendeshe michezo isiyohitaji skrini kila wiki. Kaunti, inayosimamia chekechea, izungumze na maafisa wa elimu wa kitaifa ili mtoto asianze upya anapovuka mlango. Mkutano wa wazazi wa kila muhula utenge dakika ishirini za vitendo: kuzima video zinazojifuata zenyewe, kutenganisha akaunti ya mtoto, kulinda nambari ya siri. Wenye saiba na vibanda wakubaliane na chifu na kamati za Nyumba Kumi kuhusu saa na umri. Hakuna kati ya haya linalongoja zabuni.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko wa wazazi unatokana na kuchanganya kifaa, muda na ulezi. Shule ina usawa na mtaala, lakini ina vifaa vichache, mpaka wa kiutawala unaoikata katikati, na walimu ambao hawajaandaliwa vya kutosha. Nyumbani kuna ukaribu na mafunzo ya kweli ya usalama, ila muda ni haba. Mtaa una ufikiaji kuliko wote, lakini hauna mlinzi. Ushauri wa daktari na agizo la mtaala havipingani: mmoja hupima saa za kuketi, mwingine hutaja uwezo wa kujengwa, na mtoto mdogo anaweza kuupata uwezo huo kwa dakika chache za skrini zilizo na mazungumzo. Ushahidi wa Kisumu unaelekeza pesa kwa mtu mzima kabla ya kishikwambi cha pili. Mzazi anayeuliza kama ampe mtoto simu au amnyime atapata jibu lenye manufaa akiuliza kwanza nani atakuwa naye akiishika.